Uzoefu wangu wa kupunguza mvumo na ukali wa "s" katika sauti ninazorekodi nyumbani, Uyole

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikirekodi nyimbo za kwaya yetu katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu hapa Uyole, Mbeya, na kwa muda wote huo mambo mawili yalinikera kila nilipovaa hedifoni. La kwanza ni mvumo mwembamba, kama wa redio isiyoshika stesheni, uliosikika nyuma ya mwimbaji hasa anaponyamaza ili kuvuta pumzi. La pili ni herufi "s" iliyochoma sikio kama mluzi. Nyimbo za Kiswahili zenyewe haziachi nafasi ya kujificha, kwa maana ubeti mmoja tu wa sifa unaweza kubeba "sisi", "sote", "asante" na "Yesu", na waimbaji sita wasipoitamka "s" kwa pamoja, kinachosikika ni kama mtu anamwaga mchanga juu ya bati.

Programu nilizotumia ni mbili, na zote ni za bure. Moja ni Audacity, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani na kutolewa kwa umma mwaka 2000. Nyingine ni plagini ya TDR Nova, ambayo hukaa ndani ya programu ya kurekodia na kufanya kazi ya kusawazisha sauti. Tangu Audacity toleo la 3.2 lilipotoka mwaka 2022, plagini ya namna hiyo inaweza kusikilizwa huku wimbo ukiendelea kucheza, na kwangu mimi hilo ndilo lililobadilisha kazi nzima, kwa sababu ukali wa "s" haurekebishwi kwa kubahatisha kisha kusubiri matokeo.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya mvumo wangu haikuondolewa na programu yoyote. Nilikuwa nikiwasimamisha waimbaji umbali wa sentimita 60 hivi kutoka kwenye maiki, kisha nikipandisha geini (nguvu ya kukuza sauti) ya kadi ya sauti, kifaa kinachoingiza sauti kwenye kompyuta, karibu na mwisho ili wasikike, na kumbe kila nilipoipandisha nilikuwa nikiukuza pia mvumo wa vifaa vyenyewe. Kanuni ni kwamba ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inayofika kwenye maiki huongezeka kwa takribani desibeli 6, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Kwa hiyo kutoka sentimita 60 hadi 15, yaani pungufu ya shibiri moja, unapata desibeli 12 bila kugusa kitufe, na geini inashuka kwa kiasi hichohicho pamoja na mvumo wake. Niliisoma kanuni hiyo zamani nikaipuuza, nikaenda kununua maiki nyingine. Fedha hiyo sitaizungumzia tena.

Kusogea karibu kuna gharama yake, kwani "s" huwa kali zaidi na "p" hupiga maiki kama kofi. Nilichofanya ni kuigeuza maiki pembeni kidogo, kiasi cha nyuzi 30, ielekee kona ya mdomo badala ya katikati ambako upepo wa meno hupita, kisha nikafunga penseli kwa mpira wa kufungia noti ikasimama wima mbele ya uso wa maiki. Waimbaji walicheka sana walipoiona penseli hiyo. Hata hivyo ilipunguza makali kwa kiwango kinachosikika, kwa sababu huugawa upepo kabla haujafika, na hadi leo haijatoka hapo.

Mvumo uliobaki nikaukabidhi kwa Audacity. Kabla ya kila wimbo naacha sekunde tano za ukimya, mwimbaji akiwa amesimama mahali pake bila kutikisika, kisha naionesha programu kipande hicho ili ijue mvumo wa chumba ukoje, halafu nachagua wimbo mzima na kuiamuru iutoe. Mara ya kwanza, kwa tamaa, niliweka punguzo la desibeli 24. Mvumo ulitoweka kabisa, lakini mama mmoja wa sauti ya kwanza akasikika kama anaimba ndani ya pipa la maji, na mwisho wa kila neno kukawa na vilio vidogovidogo mithili ya nyenje wa usiku. Siku hizi naweka desibeli 6, na nikiona haitoshi naongeza hadi 9 na kuishia hapo. Kuna chaguo linalokuwezesha kusikiliza masalia tu, yaani kile kitakachotupwa, na hilo ndilo kipimo ninachokiamini kuliko namba yoyote: nikisikia maneno ya wimbo ndani ya masalia, nimekata hadi nyama.

Kazi ya "s" ndiyo iliyonifundisha unyenyekevu. Nova huweza kupewa eneo fulani la sauti ilichunge, ikalishusha pale tu linapovuka kiwango ulichoweka na kuliachia linapotulia, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kukata sauti zote za juu na kuufanya wimbo uwe mzito kama umefunikwa blanketi. Ukali wa "s" kwa kawaida hukaa kati ya kilohezi 5 na 8 (hezi na kilohezi hupima sauti ni nzito au nyembamba kiasi gani), lakini kila mtu ana mahali pake. Kwa kijana wetu wa besi niliupata karibu na 5.5, na kwa dada anayeongoza karibu na 7.5. Ili kuupata, ninapandisha kipande chembamba cha eneo hilo na kukitembeza taratibu hadi nisikie "s" ikiuma kuliko kawaida, kisha hapohapo ndipo ninapoweka mlinzi. Dirisha la plagini hiyo lina vitufe vingi, nami nilihitaji jioni mbili kulizoea.

Nilipopata ustadi kidogo nikaharibu. Katika wimbo mmoja nilishusha eneo hilo kwa zaidi ya desibeli 10, nikafurahia ulaini wake usiku kucha, na asubuhi nikamtumia dada yule anayeongoza. Akanipigia simu: "Mwalimu, mbona naimba thifa kwa Bwana? Mimi nina kithembe?" Alikuwa na haki. Katika lugha yetu "th" ni sauti kamili yenye maneno yake, kwa hiyo ukiilainisha "s" kupita kiasi hupati tu "s" hafifu, bali unaweza kuibadilisha maana. "Samani" za nyumbani zikawa "thamani", na msikilizaji hana njia ya kujua ulikusudia nini. Tangu siku hiyo sizidishi desibeli 4 au 5, na zile "s" chache zinazobaki kuuma nazishusha moja moja kwa mkono kwenye mchoro wa sauti, ambako huonekana kama vifundo vinene vilivyojaa. Wimbo wa dakika nne hunichukua kama nusu saa, na matokeo yake yananiridhisha kuliko ya plagini yoyote.

Jambo jingine ni mpangilio. Nilikuwa naweka kwanza kompresa, yaani kifaa cha programu kinachosogeza pamoja sauti kubwa na ndogo, nayo kwa kuinua vilivyo vidogo iliuinua mvumo na kuzisukuma "s" mbele zaidi. Sasa naondoa mvumo kwanza, nashughulikia "s", kisha ndipo naikaribisha kompresa, na baada yake nasikiliza tena kama kuna iliyofufuka.

Malori yanayokwenda Tunduma nayo huacha mngurumo, lakini huo ni wa chini, na kichujio kinachokata sauti zilizo chini ya hezi 80 huutoa bila kugusa sauti ya mwimbaji. Mvua ndiyo iliyonishinda. Ikianza kupiga bati naahirisha zoezi, kwa sababu kelele yake hubadilika kila sekunde na ule ukimya wa sekunde tano nilioionesha programu huwa haufanani tena na chumba.