Kufunga waya kwa meno ya juu yaliyochomoza, Mtwara: uzoefu wangu

Nilifunga waya katika kliniki binafsi mjini Mtwara, ambako daktari bingwa wa kupanga meno huja kwa zamu kutoka Dar es Salaam. Kazi ni nzuri na ningeilipia tena. Udhaifu wake uko kati ya zamu na zamu.

Kilichonipa imani ni vipimo vilivyofanywa kabla ya kufunga waya. Daktari alipima kwa rula umbali kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini: milimita 9, wakati kawaida ni 2 hadi 4. Zikafuata eksirei za kinywa kizima na za kichwa kwa upande, kwa sababu meno huchomoza kwa njia zaidi ya moja. Huenda meno yenyewe yameinamia mbele, huenda taya la chini limebaki nyuma. Mtoto anayekua anaweza kusaidiwa na kifaa cha kuvaa. Mtu mzima ambaye taya limebaki nyuma sana huenda akahitaji upasuaji. Daktari akitaka kukufunga waya siku hiyo hiyo bila picha, ondoka.

Yaling'olewa magego madogo mawili ya juu, moja kila upande, na hapa ndipo ufundi unapoonekana. Kila pengo lina milimita 7 hivi, na nafasi hiyo ni ya meno ya mbele kurudi nyuma. Magego makubwa yakisogea mbele, pengo litaziba kweli, lakini meno ya mbele yatabaki nje vile vile. Ndiyo maana niliwekewa skrubu ndogo kwenye mfupa, meno yakavutwa kutokea hapo. Usimharakishe daktari aanze kuvuta: waya ya kwanza ni laini, kazi yake ni kunyoosha tu. Kuvuta kunasubiri waya ngumu ya chuma, la sivyo meno yanalala badala ya kusogea yakiwa wima.

Kuna pia raba ndogo za kuvuta meno, ambazo hutoka kwenye chonge la juu hadi gego la chini. Zinavaliwa usiku na mchana, zinavuliwa wakati wa kula na kupiga mswaki, na kubadilishwa kila siku kwa kuwa hulegea mdomoni. Omba pakiti za kufika zamu ijayo. Na tafadhali, usijifungie raba za kawaida kwenye meno ya mbele: hupanda chini ya fizi, zikala mfupa, jino likang'oka.

Sasa ule udhaifu. Breketi (kile kipande kidogo kinachogundishwa kwenye jino ili kushika waya) ikibanduka baada ya bingwa kuondoka, unamsubiri, na jino hilo linaanza kugeuka. Kliniki ingefaa imfundishe daktari wa meno anayebaki kuigundisha. Kwa hiyo korosho za kukaanga, miwa na mahindi ya kuchoma viache kabisa. Ming'oko (viazi vya porini) imenye na uikate vipande, usiing'ate. Waya ikichoma shavu, kausha ncha kwa tishu ndipo ubandike nta. Penye mate haishiki.

Kabla ya kulipa, uliza kama ritena, yaani kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa, imo ndani ya bei. Kwangu haikuwemo, na bila hiyo meno hurudi mbele. Miezi ya mwanzo huvaliwa muda wote isipokuwa wakati wa kula, baadaye usiku kwa miaka. Ioshe kwa maji baridi, na usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani: plastiki ikijikunja haikai tena, unalipia nyingine.