Wiki nne na kihisi cha sukari mkononi: uzoefu wangu

Nina kisukari mwaka wa 11 huu, na kwa miaka minne ya karibuni natumia insulini ya mchanganyiko, sindano asubuhi na sindano jioni. Ncha za vidole vyangu vya kushoto zimeshakuwa sugu kwa kutobolewa. Mpwa wangu anayefanya kazi Dubai alipokuja likizo Tanga aliniletea vihisi vitatu vya kupima sukari mfululizo, vile vya kubandika nyuma ya mkono, ambavyo wengi tunaviita sensa. Nimeshavaa viwili, kila kimoja siku 14. Naandika kwa ajili ya anayechoma insulini na anajiuliza kama pesa yake itakwenda mahali pa maana.

Kukivaa ni rahisi kuliko nilivyohofia. Kifaa ni kama sarafu nene, kinakuja ndani ya kibandikio kinachofanana na mhuri wa ofisi. Unasafisha ngozi kwa spiriti, unaiacha ikauke, unagandamiza. Sindano inaingia na kutoka papo hapo, na chini ya ngozi unabaki uzi laini wa takriban milimita 5. Nilihisi kama kuumwa na sisimizi. Baada ya hapo unasubiri saa moja kianze kutuma namba kwenye programu ya simu.

Namba ya kwanza kutokea kwenye simu ilikuwa 142. Mke wangu, ambaye miaka yote amezoea kuniona na 7 au 9, alishika kichwa. "Baba, vaa shati twende hospitali." Nikatoboa kidole, mashine ikasema 7.6. Ilituchukua muda kugundua kwamba programu ilikuwa imepangwa kwa miligramu kwa desilita, na sisi kliniki zetu zinatumia milimoli kwa lita. Unagawanya kwa 18. Tukaandika 18 kwa kalamu nene kwenye kalenda ya ukutani, na kijana wetu wa darasa la sita akachukua kazi ya kugawanya. Namba zote ninazotaja hapa chini zimeshagawanywa.

142 kwa 18 ni 7.9, na kidole kilisema 7.6. Tofauti hiyo ni ya kawaida, na ni muhimu uielewe kabla hujaanza kukilaumu kifaa. Kihisi hakipimi damu. Kinapima majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi, na sukari hufika kwenye damu kwanza ndipo ifike huko, kwa hiyo kinaweza kuwa nyuma kwa dakika 5 hadi 15, hasa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Uzi ule umepakwa kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali. Sukari ikikutana nacho hutokea umeme mdogo sana, na umeme huo ndio unaogeuzwa kuwa namba. Wazo la kupima sukari kwa kimeng'enya na umeme ni la mwanasayansi Leland Clark wa Marekani, tangu 1962. Kifaa cha kwanza cha kuvaa kiliruhusiwa huko 1999. Kilivaliwa siku 3 tu, na mgonjwa mwenyewe hakuziona namba. Daktari alizisoma baadaye. Leo mimi fundi umeme napata kipimo kipya kila dakika nikiwa juu ya dari ya mtu.

Na kilichonisaidia kuliko vyote ni mshale ulio pembeni ya namba. Kidole kinakwambia uko wapi, mshale unakwambia unakwenda wapi. Siku moja nilikuwa nimeshaegemeza ngazi ukutani nipande kufunga feni. Nikatazama simu: 5.4. Zamani ningefurahi na kupanda. Lakini mshale ulikuwa umeelekea chini wima. Nikaketi kwenye boksi la vifaa, nikala ndizi mbili na kunywa soda nusu. Baada ya dakika 15 namba ilikuwa 4.2, mikono inaanza kutetemeka, kisha mshale ukalala na polepole ukainuka. Kama ningekuwa nimepanda, tetemeko lile lingenikuta nimeshika nyaya.

Usiku ndio ulionishangaza zaidi. Kwa miezi nilikuwa naamka kichwa kinagonga, fulana imelowa, nikisema ni joto la kaskazi. Asubuhi ya nne nilifungua mchoro wa usiku na kuona mstari umezama chini ya kiwango salama: saa 8 usiku 3.4, saa 10 alfajiri 3.1, halafu unapanda wenyewe hadi 6.8 saa 12 asubuhi. Nikitoboa kidole nikiamka, naona 6.8 nzuri kabisa. Katika usiku sita wa kwanza, mara tatu ilikuwa hivyohivyo. Nilimpelekea daktari simu. Akanieleza kwamba katika insulini ya mchanganyiko kuna sehemu inayofanya kazi polepole, na ile ya jioni nguvu yake inaweza kunikuta usingizini. Akapunguza dozi ya jioni. Maumivu ya kichwa yakaisha wiki hiyohiyo. Tafadhali ndugu msomaji, dozi usiiguse mwenyewe. Mpelekee daktari mchoro.

Kengele ya simu, inayolia sukari ikishuka, nayo inaweza kukosea. Usiku wa tisa simu ililia, 3.0. Mke wangu akakurupuka na glasi ya juisi ya machungwa ya Muheza. Nilijisikia salama, nikatoboa kidole: 6.3. Nilikuwa nimeulalia mkono wenye kihisi, na ukikigandamiza kwa muda, namba hushuka kwa uongo. Utaratibu wetu sasa: kama natetemeka au jasho la baridi linatoka, nakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji nanywa kwanza, napima baada ya dakika 15. Kama sina dalili yoyote, nageuka upande, kidole kinaamua. Kwa hiyo mashine ya zamani na vijiti vyake usivigawe. Pia soma karatasi ya ndani ya boksi: dozi kubwa za vidonge vya vitamini C zinaweza kufanya baadhi ya vihisi vionyeshe sukari ya juu kuliko ilivyo.

Malalamiko ninayo. Gundi haikutengenezwa kwa mtu anayetoka jasho kwenye dari za mabati. Kihisi cha kwanza kilianza kubanduka siku ya 11, nikakifunga kwa plasta ya nguo hadi mwisho. Boksi limeandikwa kisihifadhiwe zaidi ya nyuzi 25, na humu ndani kwangu mchana hazipungui 30, hivyo vinakaa kwenye mlango wa friji, mbali na barafu. Simu yangu ya kwanza haikukubali programu kabisa, nikaazima ya mke wangu. Hakikisha simu kabla ya kununua. Na bei ni kubwa. Kwa kipato cha fundi siwezi kuvaa mwaka mzima, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu wengi wanaohitaji kifaa hiki wako kama mimi.

Kihisi cha pili nilikivaa Ramadhani, baada ya daktari kunikagua na kupanga upya insulini ya futari na daku. Aliniambia wazi: ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua hapohapo, saa yoyote. Siku ya sita, saa 10 na nusu alasiri, ilisoma 3.8, mshale chini. Kidole kikasema 3.7. Zilikuwa zimebaki kama saa mbili. Miaka iliyopita ningejikaza, nikilala kwenye mkeka nikisubiri adhana, na mke wangu akinitazama usoni kila mara. Safari hii nilikula tende tatu na maji, nikaweka siku moja ya kulipa.

Kwa anayetumia vidonge tu na sukari yake imetulia, sioni sababu ya kujikamua. Kwa anayechoma insulini, hasa anayeendesha chombo au kupanda juu kama mimi, wiki mbili kila baada ya miezi kadhaa zinatosha kumwonyesha daktari kile ambacho vidole havionyeshi. Cha tatu changu bado kiko kwenye mlango wa friji. Nitakibandika wiki mbili kabla ya miadi ijayo ya kliniki, na safari hii nanunua kwanza plasta ya nguo roli nzima.