Siku nne Rungwe na Matema: gambuti kwanza, kamera baadaye

Dar waliniambia Tukuyu, mji wa Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya, kuna baridi. Hakuna aliyenitajia mvua. Nikashuka kwenye Kosta pale stendi mwishoni mwa mwezi wa nne nimevaa raba nyeupe, na mama mmoja aliyepanga parachichi juu ya turubai akaniangalia miguu badala ya uso. "Mwanangu," akasema, "hizo raba hazifiki jioni." Kweli, saa tisa zilikuwa zimeshakwisha. Kabla hata sijatafuta chumba nilikuwa nimenunua gambuti, na katika hela zote nilizotumia safari ile, hiyo ndiyo sijaijutia hata shilingi.

Mvua yenyewe ina sababu yake. Hewa yenye unyevu hupanda kutoka Ziwa Nyasa, ambalo liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, ikakutana na Mlima Rungwe unaokaribia mita 3,000. Ikifika juu inapoa, na ikipoa inamwagika. Ndiyo maana chai ya Katumba iko vile, migomba iko vile, na parachichi moja linashibisha watu wawili. Miezi mikavu ni kuanzia wa sita hadi wa kumi. Mimi nilikwenda Aprili kwa sababu ndipo likizo ilipopatikana, kwa hiyo soma haya ukijua hilo.

Kosa langu lilikuwa kulipia ziara ya siku moja kwa jamaa niliowapata mtandaoni. Ratiba yao ilipendeza kwenye simu: Ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, Kijungu na maporomoko ya Kaporogwe, asubuhi hadi jioni, chakula ndani. Ukitazama ramani utasema mbona ni karibu. Ni karibu kweli, lakini Ngosi si mahali pa kushuka kwenye gari ukapiga picha. Unaacha lami pale Isongole, unaingia barabara ya udongo, halafu unapanda msitu kwa miguu kama saa nzima, kwenye mianzi na migomba pori, tope limefika kwenye vifundo. Tulifika ukingoni tunahema kama mbuzi wa kupelekwa mnadani. Mbele yetu: ukungu. Mweupe, mzito, kama mtu ametundika shuka. Yule mwongozaji akatazama saa yake, akasema, "Ndiyo hapa, dada. Ziwa liko chini yake." Dakika kumi baadaye tukaanza kushuka, maana Daraja la Mungu lilikuwa linatusubiri.

Sijawahi kulipia kuona ukungu. Nilinyamaza, lakini moyoni nilishaamua kurudi.

Kesho yake nikapanda daladala mwenyewe hadi Isongole, nikapatana na kijana wa bodaboda pale njia panda, na yeye akaniitia mdogo wake wa kunipandisha. Tukafika juu saa tatu asubuhi, ukungu uko palepale. Nikasema basi. Yule kijana wala hakushtuka. Akakata majani ya mgomba pori, akayatandika, akaniambia, "Kaa dada, linafunguka lenyewe." Tukala mahindi ya kuchoma aliyobeba kwenye mfuko wa koti. Mbega walikuwa wanaruka upande wa pili, tunawasikia bila kuwaona. Baada ya kama saa moja upepo ukabadilika, na shuka likaanza kuvutwa kutoka chini kwenda juu. Kwanza nikaona mstari wa maji, mweusi. Halafu kijani. Halafu kuta za msitu zinazoporomoka hadi majini pande zote, ziwa zima limekaa ndani ya kasoko ya volkano kama uji ndani ya kata. Halina mto unaotoka. Kila mwongozaji atakwambia lina umbo la ramani ya Afrika. Mimi niliangalia sana, nikakubali kwa heshima. Wazee husema maji yake hubadilika rangi, na hilo nililiona kwa macho yangu: wingu likipita, rangi inakwenda nalo.

Ukungu ulirudi ndani ya dakika ishirini. Zilitosha. Kuna njia ya kushuka hadi majini, mwinamo mkali mno, na kwa tope lile nilikataa. Wanaoshuka wanasema kupanda tena ndiyo adhabu.

Daraja la Mungu, tulilofika siku ile ya ziara, niseme ukweli, linasifiwa kupita kiasi. Ni upinde wa mwamba wa asili juu ya Mto Kiwira, unafika, unashangaa, unapiga picha, umemaliza. Kilichonishika ni Kijungu, mbele kidogo, mto huohuo. Njia inapita kwenye eneo la Magereza kwa hiyo unajitambulisha getini, na tuliambiwa kamera zisielekezwe kwenye majengo, tukatii. Hapo mto mzima unaingia kwenye mwamba uliochimbika kama chungu, unazunguka humo kwa hasira, unapotea chini ya jiwe, kisha unatokea mbele umetulia kana kwamba si wenyewe. Usimwachie mtoto mkono. Mawe yana utelezi, na mahali pale hapana ubishi: kinachoingia kwenye chungu kinamezwa.

Kaporogwe tulifika jioni tumechoka, maji yalikuwa mengi hadi pango la nyuma ya maporomoko halikufikika. Siwezi kuliamulia kwa siku ile.

Jambo moja ambalo hakuna aliyenitangazia ni historia ya chini ya miguu. Eneo lote hili ni volkano. Mlima Kyejo, ambao unauona ukiwa Tukuyu siku isiyo na mawingu, ulitoa lava kama miaka mia mbili iliyopita, na upande wake kaboni dayoksaidi inatoka ardhini yenyewe, inavunwa na kuuzwa viwandani, pamoja na vya soda. Nilikuwa nakunywa soda nikiambiwa hivyo, nikaitazama chupa upya. Na kwenye msitu wa Mlima Rungwe ndiko watafiti walikomkuta kipunji mwaka 2003, aina ya kima ambaye sayansi ilikuwa haimjui. Mwaka 2006 wakampa jenasi yake peke yake. Wawindaji wa kule walikuwa na jina lake siku zote, na ndilo lililobaki kwenye vitabu. Mimi sikumwona. Sikupanda Rungwe, na ukisikia mtu anasema amemwona kipunji kwa matembezi ya asubuhi moja, mwombe picha.

Siku ya tatu nikashuka Matema, ufuoni mwa Ziwa Nyasa. Hii safari ya kushuka peke yake ni sababu ya kwenda. Unatoka Tukuyu umevaa sweta, migomba na chai kila upande; baada ya muda sweta inavuliwa, mashamba yanageuka mpunga na kakao, miembe inaanza, na ukifika Ipinda jasho linakutoka kama uko Kariakoo. Kisha ziwa linatokea mbele, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima, imeingiza miguu majini. Hakuna kitu kati ya mlima na maji isipokuwa ufuo na vijiji.

Maji ya Nyasa ni maangavu. Unasimama kifuani unaona vidole vyako, na samaki wadogo wa buluu na njano wanakuja kukudonoa. Hata hivyo waulize wenyeji kwanza wapi pa kuogelea. Upande wa mdomo wa Mto Lufilyo kuna mamba, na hilo si hadithi ya kutishia watoto. Nilipolala sipatangazi wala sipataji: chumba safi, chandarua kizima, lakini jenereta ilinguruma chini ya dirisha hadi saa sita usiku, na nilipouliza niliambiwa, "Ah, hiyo mtaizoea." Chakula kilifuta hasira. Mbasa wa kuchoma, wali wa Kyela ambao unanukia kabla sahani haijafika, na usipa wa kukaanga wa kutafuna huku unangoja. Naomba tu wenye hoteli waache kuweka viazi vya chipsi mbele ya mtu aliyefika mahali penye mchele ule.

Kwa bahati nilifika Ijumaa, na Jumamosi ni gulio la vyungu pale Lyulilo, mwendo mfupi ufuoni. Wanawake wa Kikisi wanavileta kutoka Ikombe kwa mitumbwi. Vimepangwa mchangani kwa ukubwa, vikubwa vya pombe hadi vidogo vya mboga, na wanunuzi wa jumla wanavifunga kwa nyasi vipelekwe mbali. Nilichukua kimoja, bibi mwenye mali akanipokonya taratibu. Akakiinua sikioni, akakigonga kwa kucha, kikalia kama kengele. Akagonga cha jirani yake, kikatoa sauti ya bati. Hicho akakirudisha, kile cha kwanza akanipa. "Hiki hakina ufa, mjukuu wangu," akasema. Bei tulipunguziana kidogo tu, nikaona aibu kuendelea. Nilipomwambia "ndaga fijo", yaani asante sana kwa Kinyakyusa, alicheka hadi akaita wenzake waje wanisikie.

Nikirudia safari hii nitaacha kabisa ziara za siku moja. Nitalala Tukuyu siku mbili ili Ngosi ipewe asubuhi ya akiba, kwa sababu ukungu hauangalii ratiba ya mtu. Nitabeba hela taslimu, maana kijana wa kupandisha mlima hapokei kadi, na mtandao wa simu msituni unakuja na kuondoka. Na Masoko, lile ziwa dogo la kasoko ambalo wenyeji wanasema Wajerumani walitupa humo fedha na silaha wakati wa vita, nililipita bila kusimama. Hilo bado linaniuma.

Kurudi, konda alitaka kukiweka chungu kwenye buti pamoja na magunia ya mchele. Nilikipakata hadi Mbezi.