Duka la vifaa vya kuchorea Kariakoo: penseli chukua, rangi za maji achana nazo

Jina la duka sitaji, mwenye duka ananijua sura na bado nataka bei ya mwanafunzi. Ni hapo Kariakoo, ukishuka mwendokasi Msimbazi unatembea kidogo unaingia ndani ndani huko kwenye maduka ya stesheneri, ukiona manila za kila rangi zimening'inizwa mlangoni kama kanga ujue umekaribia.

Mi niko mwaka wa pili sanaa, na mwalimu alitupa kazi ya muhula ya kuchora kitu kimoja mara tano, kila mara kwa kifaa tofauti, yani penseli, mkaa, rangi za maji, akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) na rangi ya mafuta. Wenzangu wakachagua maua na sura za wapenzi wao, mi nikachagua birika la mama mwenye nyumba, lile la bati lenye masizi chini na linang'aa juu kidogo. Nikaingia Kariakoo na laki moja kasoro nauli, nimetumia karibu yote, kwa hiyo haya nayoandika nimeyalipia mwenyewe.

Penseli, hapa wako vizuri. Ila usichukue lile boksi la bati la penseli 12, nililichukua mwaka jana na zile 2B na 6B (namba ya B ikipanda ndo weusi unazidi) zilikuwa mtu na pacha wake, afu risasi imekatika katika humo ndani, unachonga inadondoka, unachonga tena inadondoka, mwisho umebaki na kipisi cha kushikia kwa kucha. Waambie wakupe za moja moja, wanazo HB, 2B, 4B na 6B, na ujaribu kabla hujalipa, hawakatai. Hizo nimechora nazo birika siku mbili na weusi ulipanda pole pole kama nilivyotaka.

Mkaa wa kuchorea hawana. Yule kaka wa kaunta akaniambia "dada angu mkaa si huko sokoni", akacheka, na mi nikacheka ila nilikuwa nimekasirika. Mkaa wa jiko nilishajaribu, ni mgumu, unakwaruza karatasi. Nilichofanya nikachukua vijiti vyembamba vikavu, nikavifunga kwenye kopo la maziwa lenye kifuniko, nikatoboa katundu kamoja tu ka kutolea moshi, nikaweka juu ya jiko la mama mwenye nyumba akimaliza maharage. Visipopata hewa haviungui vikawa majivu, vinatoka vyeusi laini kabisa. Sehemu ya masizi ya birika sikuichora hata, nilipitisha kidole kwenye birika lenyewe nikapaka kwenye karatasi! Afu nikapulizia spre ya nywele isifutike. Mchoro wa bei chee kuliko yote na ndio uliopata maksi nyingi.

Sasa rangi za maji. Jamani. Boksi la rangi 12 elf 8, vidonge vinavutia ukiviangalia, ukilowesha brashi vinatoa maji ya chaki. Zikiwa mbichi unaona bluu, zikikauka unaona vumbi la bluu, maana wamejaza chaki humo na rangi yenyewe kiduchu. Na karatasi wakanipa manila wakisema "hii nzito inafaa", haifai, ikinywa maji inajikunja kama kambale kwenye kikaango. Karatasi ya rangi za maji ni ile nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na hata hiyo uibandike kwenye ubao kwa tepu pande zote nne. Kwao haipo, ukiuliza wanakuonyesha rimu ya A4 ambayo ni gramu 80, hiyo ni ya fotokopi bana.

Akriliki sio mbaya sana, tyubu 24 elf 25, nyepesi ndio, njano na nyekundu unapaka mara tatu ndo zinafunika. Tatizo kubwa sio lao ni la joto la Dar, feni inazunguka dirisha liko wazi, rangi imekauka kwenye sahani kabla sijamaliza mpini wa birika. Siku hizi naweka kwenye kontena la chakula lenye kifuniko, chini natandika tishu iliyolowa, inanivusha mpaka kesho yake. Ila brashi zao za seti msizinunue kabisa, zinanyonyoka, anga langu lilikuwa na nyusi. Kanvasi (kitambaa cha kuchorea kilichovutwa kwenye fremu) zilizotengenezwa tayari pia hapana, imelegea kama neti ya mbu na elf 18 imeenda. Vuka barabara nenda kwenye vitambaa ununue marekani mita mbili, fundi seremala akupigie fremu, upake gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo afu rangi nyeupe ya ukutani. Yangu imekaza inalia kama ngoma.

Rangi ya mafuta ndo kituko. Nikaomba rangi ya mafuta, kaka akaingia stoo akatoka na kopo la rangi ya kupaka milango. Nikaanza kubisha, akasema "si ndio hii, ama?", na kusema kweli hakukosea, kwa mtaani rangi ya mafuta ni hiyo. Na mzee Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji wa picha za tingatinga, alianza na rangi za makopo za namna hiyo mwaka 1968, anapaka kwenye hadibodi, na vijana wake pale Oysterbay mpaka leo wapo wanaotumia rangi hizo. Nikachukua vikopo vidogo vitatu. Kosa langu nikapaka kwenye karatasi tupu bila kuipaka gundi kwanza, mafuta yakasambaa pembeni ya birika yakatengeneza duara la kung'aa. Mwalimu akaishika akaiinua juani, akauliza, "binti, umechora birika au umefungia chapati?" Darasa zima. Nikarudia kwenye kipande cha hadibodi, ikatoka safi, ila kukauka ilichukua siku nzima na mbu wawili wamebaki humo.

Huduma nawapa 7 kwa 10, wanakuacha ujaribu na risiti wanatoa bila kusukumwa. Bidhaa nawapa 5. Usiende Jumamosi mchana, hutapata hata pa kusimama, nenda asubuhi ya katikati ya wiki, na usiseme unatafuta vifaa vya sanaa, sema kifaa chenyewe kwa jina, ukisema sanaa bei inapanda hapo hapo.

Mama mwenye nyumba karudishiwa birika lake, anauliza mbona masizi yametoka upande mmoja tu.