Mkutano wa kimataifa wa spektroskopia na hadubini za nano: ada inalipa wapi?

Anayelipa ada ya mkutano wa kimataifa wa spektroskopia na hadubini za nano hununua vitu vinne kwa mkupuo: mihadhara, mabango, ukumbi wa maonyesho ya vifaa na, akiwahi kujiandikisha, kozi fupi inayotangulia ufunguzi. Ratiba hupangwa kana kwamba mihadhara ndiyo uti wa mgongo na hivyo vingine ni nyongeza. Kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni ncha (sindano kali ya hadubini inayopita juu ya sampuli), leza na sampuli, mambo ni kinyume: mihadhara ndiyo inayoshika mkia.

Si kwamba ni mibaya. Mhadhara mzuri wa ufunguzi, unaotoka kwa Ernst Abbe na kikomo chake cha mwaka 1873 cha udogo wa vitu ambavyo mwanga wa kawaida unaweza kutenganisha, ukapitia hadubini ya Binnig na Rohrer ya 1981, inayosoma mkondo wa umeme kati ya ncha na sampuli, na AFM ya 1986, inayopapasa sampuli kwa ncha, hadi mwaka 2000 ilipoonyeshwa Raman (kutambua molekuli kwa mwanga wa leza zinaoutawanya) inayokuzwa na ncha, yaani TERS, humfungulia mgeni mlango. Shida iko kwenye mihadhara mifupi. Dakika 12 za kusema na 3 za maswali hutosha kuonyesha picha moja iliyotoka vizuri, wala hazitoshi kueleza ni ngapi zilizoharibika. Chukua ramani ya TERS yenye pikseli 100 kwa 100, sekunde 1 kwa kila pikseli. Hiyo ni sekunde 10,000, karibu saa 2 na dakika 47. Kifaa kikiserereka nanomita 1 tu kwa dakika kwa sababu ya joto la chumba kupanda na kushuka, sampuli itakuwa imehama nanomita 167 kabla ramani haijaisha. Ikiwa eneo lote lililopimwa lina upana wa nanomita 500, theluthi nzima imepinda. Ukumbini hutaliona hilo, maana iliyowekwa kwenye skrini ni ile iliyonyooka, au iliyonyooshwa na programu.

Kwa hiyo zile dakika 3 zitumike vizuri. Uliza nguvu ya leza ikiwa juu ya sampuli, si ile inayotoka kwenye leza. Uliza muda wa kila pikseli. Uliza, katika ncha kumi, ngapi zilitoa ishara. Mzungumzaji anayejibu swali la tatu kwa tarakimu bila kupepesa macho ndiye wa kumfuata wakati wa chai.

Mabango ndiko siri zinakotoka. Mbele ya bango hakuna saa inayohesabu, na aliyesimama pale mara nyingi ndiye aliyechonga ncha kwa mikono yake. Mapishi ya ncha za dhahabu, kwa mfano, huandikwa kwa mstari mmoja kwenye makala: waya wa milimita 0.25, asidi hidrokloriki na ethanoli kwa ujazo sawa, volti 2 na ushei. Kisichoandikwa ni kwamba viputo vya gesi vikishikamana na waya huacha uso wenye makovu, na kwamba umeme usipokatwa papo hapo kipande cha chini kinapodondoka, asidi huendelea kula na ncha iliyokuwa kali inakuwa butu. Huyo aliye mbele ya bango atakuambia anakata umeme kwa njia gani, na atakuonyesha kwenye simu picha za ncha butu ambazo hazikuingia kwenye bango.

Hapo hapo utasikia hoja ya fedha dhidi ya dhahabu. Fedha hukuza ishara vizuri kwa leza ya kijani ya nanomita 532, lakini salfa iliyomo hewani huifubaza, hivyo ncha iliyokuwa nzuri asubuhi inaweza kuwa imekufa kesho yake isipohifadhiwa kwenye nitrojeni kavu. Dhahabu huvumilia hewa, ila hutaka mwanga mwekundu, kwa kawaida nanomita 633, kwa kuwa yenyewe hufyonza kijani.

Jihadhari pia na spektra (michoro ya ishara kwa kila rangi ya mwanga) zinazopepesa, zenye mabonde na milima karibu na 1350 na 1580 cm⁻¹, kizio cha mahali pa kilele kwenye spektra. Wanaoanza huziita molekuli moja. Mara nyingi ni uchafu wa kihaidrokaboni uliounguzwa na leza ukawa kaboni juu ya ncha. Kipimo chake ni rahisi: inua ncha nanomita mia kadhaa, leza ikiendelea kuilenga. Ishara ikibaki, imebebwa na ncha; ikitoweka, kuna matumaini. Bango lisiloonyesha spektra mbili, ncha ikiwa chini na ikiwa juu, halijajibu swali la kwanza.

Sasa ukumbi wa maonyesho, ambao ndio unaostahili muda mwingi kuliko wote. Meza zimejaa vifaa vinavyong'aa na kila kimoja kinapima sampuli ile ile: mchanganyiko wa plastiki mbili, polistireni na PMMA, kwa AFM ya infraredi (inayohisi sampuli ikitanuka inapopigwa leza ya infraredi), grafini au nanotyubu za kaboni kwa TERS, vipande vya boroni nitraidi kwa hadubini ya macho ya uga wa karibu, inayosoma mwanga unaotawanyika kwenye ncha. Hizo ni nguo za sikukuu. PMMA ina kilele kikubwa cha kabonili (kifungo cha kaboni na oksijeni) karibu na 1730 cm⁻¹ ambacho polistireni haina, basi hata kifaa cha wastani kitachora ramani safi. Beba sampuli yako mwenyewe, na umwandikie mwonyeshaji wiki kadhaa kabla, kwa sababu nafasi za kupima hujaa.

Sampuli hiyo iandaliwe hivi kwa AFM ya infraredi. Kipande cha silikoni au kioo kilichopakwa dhahabu, cha milimita 10 kwa 10, kinaingia kwenye vifaa vingi. Tabaka la nyenzo liwe kati ya nanomita 100 na mikromita 1. Likiwa jembamba mno, kutanuka kwake kwa joto ni kudogo na ishara inazama kwenye kelele. Usigandishe kwa utepe laini wa kaboni, kwani huendelea kulegea na kuongeza mserereko. Gundi ya epoksi iliyokauka usiku kucha ni bora. Na usiisafirishe kwenye kisanduku chenye jeli ya PDMS (polima laini inayonata), hata kama ndicho kizuri kuliko vyote ulivyonacho. Molekuli ndogo za jeli hiyo huhamia kwenye sampuli, na hata kwenye ncha zilizohifadhiwa humo, kisha hujitokeza kama kilele chembamba kwenye 1260 cm⁻¹ kila unapopima. Watu wamewahi kukitafsiri kilele hicho kama kemia mpya. Kabla ya lolote, mwambie mwonyeshaji apime dhahabu tupu kwa ncha atakayotumia. 1260 ikionekana pale, badilisheni ncha kwanza.

Kelele ya picha usiihukumu ukumbini. Sakafu inatikiswa na nyayo, viyoyozi vinavuma, na meza ya kuzuia mitetemo ina kikomo. Hukumu mambo ambayo hayategemei jengo. Hesabu dakika kuanzia ncha ya zamani inapotolewa hadi leza inapokuwa imelengwa kwenye mpya, na mwombe mwonyeshaji akuachie ufanye mwenyewe, maana mikono yake imezoea. Taka spektra tano mfululizo za nukta moja, ulainishaji wa programu na uondoaji wa mstari wa msingi ukiwa umezimwa. Taka asogee nanomita 200, arudi, apime tena. Kwenye leza za infraredi zenye chipu kadhaa, kila moja na eneo lake la spektra, tazama pale chipu moja inapoikabidhi nyingine: ngazi ndogo kwenye spektra mahali hapo inatokana na leza, hata kama ulainishaji umeigeuza ikafanana na bega la kilele. Eneo la kati ya 1400 na 1900 cm⁻¹ nalo lina mistari ya mvuke wa maji, na kifaa kisichopulizwa hewa kavu au nitrojeni kitakuonyesha meno meno juu ya amidi ya kwanza (kilele kikuu cha protini), karibu na 1650, ambako watu wa protini wanaishi. Mwisho uliza data ghafi hutoka kwa muundo gani. Faili linalofunguka kwa programu ya mtengenezaji peke yake ni sababu tosha ya kupita meza inayofuata.

Kozi fupi, ukiipata, inarudisha thamani yake. Somo la kusisitiza ni la hamoniki (marudufu ya masafa ya mtikiso wa ncha) kwenye uga wa karibu. Ncha hutikiswa kwa nanomita makumi kadhaa, na mwanga unaotawanyika husomwa kwenye hamoniki ya pili, ya tatu au ya nne, kwa kuwa ya kwanza imejaa mwanga wa pembeni usiohusiana na ncha. Mkufunzi anayeweka picha ya eneo lile lile kwa hamoniki zote nne, moja baada ya nyingine, anafundisha zaidi ya milinganyo kumi: utofautishaji unapanda, na kelele inapanda nayo.

Lalamiko letu kubwa ni vikao sambamba. Watu wa hadubini za elektroni hutengwa chumba chao, ilhali tangu 2014 spektroskopia ya elektroni imekuwa ikisoma mitetemo ya molekuli ndani ya hadubini, yaani swali lile lile la watu wa infraredi kwa chombo kingine. Ukilazimika kuchagua, chagua chumba usichokijua. Wa kwako utawakuta kwenye mabango.

Ya utawala ni mafupi. Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza iombwe siku ile ile ikisiri inapokubaliwa. Bango la A0 lina milimita 841 kwa 1189. Hakikisha kama ubao ni wa wima au wa ulalo kabla ya kuchapa, na maandishi yasipungue pointi 24.

Asiyehitaji kwenda naye yupo. Leza ya nanomita 532 na lenzi yenye uwazi wa kinamba (kipimo cha upana wa pembe ya mwanga inaoukusanya) wa 0.9 hutenganisha vitu vilivyoachana karibu nanomita 300. Mwenye chembe za mikromita 2 anayetaka tu kujua ni plastiki gani hana haja ya ncha yoyote. Raman ya konfokali, lenzi safi na silikoni ya kusawazishia kwenye 520.7 cm⁻¹ vitammalizia kazi hata kabla tarehe ya mwisho ya ikisiri haijafika.