Mashine ya leza kwa mbao za paini: ununue ipi ukiwa Mombasa

Kama unataka kuchora majina ya maharusi, vibao vya milangoni au vishikio vya funguo vya kuwauzia wageni wanaotembelea Fort Jesus, paini ni mbao nzuri ya kuanzia. Ni nyepesi, ina rangi ya kung'aa na haiumizi mfuko. Lakini ina ukaidi wake, na ukaidi huo, pamoja na joto na unyevu wa mji wetu, ndio wa kukuongoza kuchagua mashine. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi isikubabaishe.

Utazame ubao wa paini kwa karibu. Utaona mistari myeupe, laini, na katikati yake mistari ya kahawia iliyo migumu. Leza ikipita, sehemu laini huungua na kuzama, ngumu hubaki juu, na herufi moja pana hutoka na milia. Kwenye fundo ni taabu zaidi: utomvu huchemka, huacha doa la manjano pembeni, na mkato uliokuwa ukienda vizuri hukwama papo hapo. Kwa hiyo paini inafaa herufi nene na michoro ya mistari. Picha ya uso wa mtu ni afadhali uipeleke kwenye plaiwudi nyembamba.

Nikipanga kwa kuzingatia hayo, ya kwanza ni leza ya dayodi (kifaa kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga wa buluu) ya wati 20 yenye pampu ya hewa. Hapa soma vizuri kabla ya kutoa pesa. Wauzaji wengi huandika wati za umeme unaoingia kwenye mashine, si za mwanga unaotoka. Mashine yenye maandishi "40W" huenda mwanga wake ni wa wati 5 tu. Uliza wati za mwanga, na kama muuzaji hajui tofauti, nenda kwa mwingine. Wati 20 za kweli hukata paini ya milimita 6 bila shida, na ya milimita 10 ukienda polepole.

Pampu ya hewa usiihesabu kama pambo. Inapuliza moshi kabla haujatua kwenye lenzi, inazima kijimoto kinachotaka kuwaka kwenye utomvu, na kingo za mkato hutoka kahawia badala ya kuwa nyeusi tititi. Kati ya wati 20 bila pampu na wati 10 yenye pampu, mimi kwa paini ningechukua hiyo ya pili. Jambo jingine linaloipa dayodi nafasi ya kwanza ni kwamba haili umeme mwingi, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ya kawaida inaweza kuibeba stima ikipotea katikati ya kazi. Kazi iliyokatika nusu ni vigumu kuirudisha palepale ilipoachia, na ubao huwa umeharibika.

Nafasi ya pili naipa kutonunua kabisa: unachora mwenyewe kwenye kompyuta kwa programu ya bure kama Inkscape, kisha unamlipa fundi mwenye mashine akukatie. Kama oda zako bado ni za harusi moja moja, fedha ya mashine itakaa bure huku lenzi ikishika chumvi ya bahari. Fanya hivyo mpaka foleni ya fundi ianze kukuchelewesha. Hapo utajua mashine yako ina kazi ya kufanya.

Ya tatu ni leza ya CO2, yaani ya mrija wenye gesi ya kaboni dioksidi, ya wati 50 au 60. Kwa ubora wa mkato inaishinda dayodi, na inakata hata akriliki angavu, ambayo mwanga wa buluu wa dayodi hupita ndani yake bila kuigusa. Kilichoishusha hapa ni maji. Mrija wa CO2 ni wa kioo na hupozwa kwa maji yanayozunguka, na hupenda maji ya nyuzi kama 20 hivi. Maji ya ndoo Mombasa, mwezi wa Machi, yanakaribia nyuzi 30 hata kabla hujawasha mashine. Wengi huuziwa kipozeo cha aina ya CW-3000. Hicho ni feni na rejeta tu, hakiwezi kuyashusha maji chini ya joto la chumba. Unachohitaji ni chenye kompresa kama friji, mfano CW-5200. Nacho usikiweke baridi mno. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na mrija ukiwa baridi mno, unyevu huo hugeuka matone ya maji juu ya kioo, karibu kabisa na waya wenye maelfu ya volti. Hapa pwani nyuzi 25 au 26 ni salama zaidi kuliko zile 18 zinazoandikwa na watu wa nchi za baridi. Piga hesabu ya mashine, kipozeo na usafiri kwa pamoja ndipo uamue.

Dayodi ya wati 10 inafuata: nzuri kwa kuchora na kwa mbao za milimita 3 hadi 5. Ya wati 5 ni ya kuchora tu, ukiitumia kukata utapitisha mara nyingi mpaka kingo ziwe mkaa. Zile CO2 ndogo za buluu za wati 40 zina bei ya kuvutia, lakini nyingi zinataka fundi wa umeme azikague, hasa waya wa ardhi, kabla hazijaguswa. Leza ya faiba ni ya kuchora chuma, hata ikiuzwa rahisi vipi usiichukue kwa mbao.

Mashine yoyote utakayochagua, iwe na boksi la kuifunika na feni ya kutoa moshi nje kwa bomba. Dayodi za wazi huwa ni leza za daraja la 4: mwanga uliogonga kitu na kurudi unatosha kuharibu jicho. Miwani ya dayodi haikingi CO2, kwa hiyo soma kwenye lenzi zake namba za nanomita, yaani aina ya mwanga zinaokinga. Usiondoke mashine ikikata, na usikate plastiki ya PVC hata kipande, kwani hutoa gesi ya hidrojeni kloridi inayoumiza mapafu na kuozesha mashine.

Mbao zenyewe, mapaleti yanayotoka bandarini mengi ni paini na hupatikana rahisi. Tafuta muhuri: HT ni mbao iliyotibiwa kwa joto, hiyo chukua. MB imepigwa dawa ya methili bromidi, iache. Ng'oa misumari yote, piga msasa, kisha inua mbao juu ya sakafu zikauke. Ubao wenye unyevu hukatika vibaya, na uliopinda huiondoa leza kwenye fokasi. Kabla ya kuchora, bandika tepu ya karatasi juu ili masizi yashike tepu.

Siku ya kununua, nenda na kipande chako cha paini chenye fundo. Mwambie muuzaji akate mraba mdogo, mkato upite kwenye fundo, kisha ageuze ubao uone upande wa chini. Akikataa kukata mbele yako, usilipe.