Gereji ya njia ya Mikindani: fundi alisoma namba ya chasisi kwanza, rangi baadae

Wadau wa pikapu za zamani huku Mtwara na Lindi, ngoja niliandike hili lote la fundi aliyeniokoa na namba ya chasisi iliyofunikwa, maana nina uhakika kuna mtu sasa hivi yuko Masasi au Nachingwea anataka kutoa hela ya Hilux iliyolala chini ya mkorosho, na anachoangalia ni bodi na matairi tu.

Mi nilinunua LN106, ile Hilux ya dizeli ya fowili, kwenye kadi imeandikwa injini 3L (hilo ni jina la aina ya injini, sio lita) cc 2779. Niliipata kwa familia moja kule Newala, mzee mwenyewe alishafariki, watoto wake wakaniuzia kwa roho safi kabisa, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, nikakabidhiwa kadi orijino mkononi nikajua nimemaliza. Nikaipeleka gereji ya kwanza, jina siliweki hapa, nikasema nyoosheni bodi, toeni kutu, pigeni rangi nataka ibebe korosho msimu ukianza. Wiki tatu baadae naenda nakuta chasisi yote imepitishwa grenda alafu ikapakwa lami nyeusi kuzuia kutu, mpaka ule upande wa kulia karibu na tairi la mbele ambako ndo Toyota wanagonga namba ya chasisi. Nauliza namba iko wapi naambiwa "iko tu hapo chini". Naenda kuanza mambo ya transfa, gari ikakaguliwe kwanza, mkaguzi anainama na tochi anatafuta namba, hamna kitu, ni lami tupu.

Kwakweli nililala vibaya siku zile. Gari ambayo namba yake haisomeki huwezi kuihamisha jina, na trafiki akikusimamisha njiani utamweleza nini wakati kinachotofautisha gari yako na gari ya wizi ndo hicho kimefutika.

Ndo nikaelekezwa kwa huyu fundi ninayemwandikia leo, gereji yake ipo njia ya kwenda Mikindani, hamna bango, ni banda la mabati na mwembe. Nimefika nimemwamkia, hata hajaniuliza nataka rangi gani, kasema "mwanangu, kadi iko wapi?" Kaisoma kadi yote mbele na nyuma, alafu ndo akaenda kwenye gari.

Grenda hakuishika kabisa. Alichukua mafuta ya taa na kitambaa, akawa analowesha ile lami, anasubiri ilegee, anafuta, anarudia tena. Ikishabaki nyepesi akaingia na brashi ya waya ya mkono, anasugua kuelekea upande mmoja tu. Ilichukua saa nzima na nusu, kalala kwenye boksi chini ya mudigadi. Chuma kilipotokea akapaka chaki nyeupe juu yake alafu akaifuta na kiganja, chaki ikabaki kwenye mashimo ya namba peke yake, na mimi nimechuchumaa pembeni naona LN106 inatokea, kistari, alafu tarakimu saba, moja baada ya moja. Tarakimu mbili za mwisho grenda ilishazila kwa juu ila bado zilisomeka. Akaweka karatasi nyembamba juu, akasugua penseli, namba nzima ikanasa kwenye karatasi, akanipa nikaikunja nikaiweka mfukoni. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Sasa hapo ndo tukaona la pili. Kwenye kadi tarakimu ya nne ni 3, kwenye chuma ni 8. Anasema ameshakutana na hiyo mara nyingi kwenye magari ambayo yalianza na namba za usajili za zamani za TZ alafu yakaja kuingizwa kwenye hizi namba za T, mtu amenakili kwenye karatasi iliyofifia, 8 ikageuka 3 na hakuna aliyeinama chini ya gari kulinganisha. Akaniambia pia gari zenye namba ndefu ile ya tarakimu na herufi 17, humo huwa hamna herufi I wala O wala Q, kwahiyo ukiona O kwenye kadi ya gari ya hivo ujue kuna mtu aliikosea sifuri.

Kuna kijana alikuwa pale akasema kwani shida nini, si mgonge 3 juu ya hiyo 8 yaishe. Mzee fundi alikasirika, alikasirika kweli. Akasema chuma hakibadilishwi kifuate karatasi, anayefanya hivo anamfunga mwenzie jela, na hiyo kazi akisikia imefanyika bandani kwake anafunga banda. Kwa hilo peke yake mi nampa nyota zote tano.

Akafungua boneti, injini sio 3L. Ni 5L, cc 2986, marehemu aliibadilisha kipindi fulani na hakupeleka taarifa. Nikapanda tena Newala, namshukuru Mungu mama mjane alikuwa ametunza risiti ya injini, imenunuliwa Dar, mtaa wa Gerezani kwenye maduka ya spea, iko kwenye bahasha moja na vyeti vya watoto shule.

Na huko ndo nikajua mkataba wetu wa kijijini hautoshi, maana aliyeandikwa kwenye kadi ni marehemu na marehemu hauzi gari. Watoto ikabidi wakae kikao cha ukoo, waandike muhtasari, waende na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, mtoto mkubwa ateuliwe msimamizi wa mirathi, alafu yeye ndo aniuzie upya kwa mkataba wa wakili. Miezi miwili na kitu. Msimu wa korosho ukanipita, nikakodi gari ya mtu kupeleka mzigo ghala la chama cha msingi cha ushirika, iliniuma sana. Ukaguzi wa polisi na marekebisho TRA vikafuata, na ile karatasi ya penseli na picha za chasisi vilisaidia sana pale kwenye kuelezea.

Mapungufu yapo. Simu hapokei, ukimtaka umfuate. Yuko na kijana mmoja tu kwahiyo kazi inaenda taratibu, bodi yangu ilikaa kwake wiki sita. Kuchomelea chasisi hafanyi mwenyewe, anaita mtu, na mimi kipande cha nyuma kilichooza kwa chumvi ya bahari kilirudiwa mara mbili. Bei haandiki, mnakubaliana kwa mdomo, ila alichosema mwanzo ndo alichochukua, kuisafisha na kuisoma namba peke yake alinichaji 40,000.

Kadi mpya imetoka ina jina langu, 8 ipo, 5L ipo. Pale penye namba hakupaka lami, kapaka grisi nyepesi tu na kaniambia niifute na kupaka nyingine kila nikimwaga oili.

Ukienda kwake beba kadi orijino, kopi hapokei. Na wahi asubuhi, gari ipaki ubavu wa kulia uangalie barabarani, jua linapiga pale kwenye namba mpaka saa nne hivi.